Alama kwenye Bamba la Mzee Damiano

"Risasi ilimpiga Mzee Damiano kifuani ikadondoka chini kama punje ya mahindi," jirani yangu Emiliana aliniambia tukianika kahawa. "Ana bamba lake la chuma. Halikutoboka, lilibonyea tu. Nenda ukamwombe, Mama Tadea. Utakaa hivi hivi na mume anakwenda porini?"

Mume wangu, Praygod, alikuwa amepata kazi ya askari wa doria katika pori la akiba la Liparamba, aondoke Jumatatu. Majangili wanatembea na bunduki. Tangu apate kazi hiyo usingizi wangu ulikuwa wa kuokoteza. Nikamfunga Tadea mgongoni, nikaenda.

Mzee Damiano ni mzaliwa wa Kitura. Alipotoka vita vya Kagera alihamia mteremko huu wetu, na tangu hapo analima ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, mpaka mgongo umebaki umeinama kama bado ameshika jembe. Harusini anawekewa kiti cha mbele kwa sababu ya lile bamba. Nilimkuta uani amelitega juu ya mafiga, anakaanga kahawa yake ya kunywa. Limekunjwa kufuata kifua, kwa hiyo kahawa haimwagiki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mgongoni amelala?"

"Amelala."

"Ana akili. Maneno ya wazee ni marefu."

Nikamweleza shida yangu. Alimimina kahawa kwenye ungo, akalishika bamba kwa kitambaa, akaligeuza ili nione kibonyeo. Kinaenea kidole gumba.

"Hili nililinunua mwenyewe," alisema. "Jeshini hawakutupa kitu cha namna hii. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa mhunzi mmoja pale Kitai, akifua vyuma vya malori mabovu. Nikamwuliza, nitajuaje kama linazuia risasi? Akaliegemeza kwenye mgomba, akalipiga kwa gobole. Likabonyea tu. Baruti aliyoweka ilikuwa kidogo, nilimwona, nikanyamaza. Nilitaka kuamini."

"Kwa hiyo alama hii..."

"Ni ya Kitai. Vitani halikuguswa na risasi hata moja."

Wenzake jeshini walimwita Sufuria, kwa jinsi lilivyogonga-gonga akitembea. Mmoja tu hakucheka, Pankras, aliyekuwa akilala naye hema moja. Pankras aliuliza alama ni ya nini, naye akamjibu ni ya risasi, basi, hakuongeza neno. Siku moja Pankras akaliazima.

"Milio ilipoanza wote tulilala chini," Mzee Damiano alisema. "Yeye alibaki amesimama, anatazama inakotoka. Risasi ilimpata shingoni. Nililifungua mwenyewe kifuani pake, zima kama unavyoliona."

Aliokota punje mbili za kahawa zilizoungua, akazitupa.

"Nilipohamia hapa watu waliona alama wakasema wenyewe ni ya risasi ya vitani. Sikubisha. Zaidi ya miaka arobaini sijabisha."

Tadea aliamka, akanyoosha mkono kuelekea kwenye ungo. Mzee akampa kidole akishike. Mimi nilitaka kusema basi, tuache, lakini Jumatatu ilikuwa karibu. Nadhani aliniona. Bamba lilipopoa alilifuta masizi, akaniwekea mikononi. Zito kama ndoo ya maji.

"Mpelekee. Likimsaidia, vizuri. Ila nina ombi, mwanangu. Mwambie alama imetoka wapi, na Pankras alikufaje. Akisikia mlio alale chini, kama vile hana kitu kifuani."

"Nitamwambia, babu."

"Na umwambie mumeo wakati Emiliana yupo."

"Emiliana? Babu, jua halitazama kabla kijiji kizima hakijajua."

"Najua," alisema, akarudi kupepeta kahawa yake. "Wewe hakikisha tu yuko karibu, anasikia."