Sijawahi kuona mwezi. Ngiri ya mtoto wa dadangu ndiyo ilinieleza kwa nini

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka. Leo naandika yangu, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Migori, miaka 34. Sijawahi kupata period hata siku moja. Shuleni nilikuwa nabeba pedi kwa begi ndio wenzangu wasijue.

Niliolewa huko Macalder. Miaka minne bila mimba, bwana akanirudisha kwetu. Majirani wakasema ni chira, eti kuna mwiko tulivunja nyumbani. Mama akafunga na kuomba. Hospitali sikuenda, niliona aibu.

Sasa mwaka jana dadangu Akoth, ameolewa Rusinga, akanipigia simu. Msichana wake wa miaka mitatu, Achieng', alikuwa na uvimbe kwa kinena. Ilikuwa ngiri, akapasuliwa Homa Bay.

Majibu ya vipimo yalipotoka tulienda wote: Akoth, bwanake na mimi.

Daktari, mama mmoja mpole, akasema ndani ya ile ngiri walikuta kokwa, yaani korodani, kama za mvulana. Na kromosomu ni XY.

Shemeji akakohoa. "Sasa daktari, tumuite Ochieng', jina la mvulana?"

"Hapana, huyu ni msichana. Mwili wake unatengeneza homoni ya kiume, lakini jeni ya kipokezi iko na hitilafu. Homoni inabisha hodi, seli hazifungui. Kwa hivyo nje ameumbika msichana, ndani hana mfuko wa uzazi."

Kisha akamgeukia Akoth. "Mara nyingi hii hutoka upande wa mama. Kwenu kuna mwanamke hajawahi kuona mwezi?"

Akoth aliniangalia tu.

Wakuu, niliinua mkono kama mtoto wa darasa la pili.

Nikapimwa. Ni kitu kile kile. Nililia, lakini si kwa huzuni. Miaka yote hiyo nilidhani nimelaaniwa, kumbe ni herufi tu zimekosewa kwa jeni moja.

Kumwambia Mama ndio ilikuwa ngumu. Aliacha karanga alizokuwa anabambua. "Kumbe ni mimi nilikupa?"

"Mama, hata wewe ulipewa."

Akarudia karanga zake, halafu akacheka kidogo. "Basi huyo mwanaume wa Macalder alituonea bure."

Achieng' anaendelea vizuri. Daktari alishauri zile kokwa zisitolewe sasa, zitamsaidia kubalehe, mwili hugeuza homoni hiyo kuwa ya kike. Mimi zangu bado ziko ndani, kwa hivyo huenda scan kila mwaka kuangalia zisilete saratani. Nimetulia, kusema kweli.

Nilichojifunza: msichana akifika miaka kumi na tano, kumi na sita bila kuona mwezi, mpeleke hospitali, usimpeleke kwa maneno ya watu. Na mtoto aambiwe ukweli mapema, kidogo kidogo. Achieng' tutamwambia.

Maswali ulizeni, nitajibu ninayojua. Na kama kuna mwenye mwili kama wetu anasoma hapa, andika hata "niko" peke yake. Nataka nimwambie Achieng' siku moja kwamba hatuko wawili tu.