Alikuja na Waya

Mama ndiye aliyemwona kwanza, kupitia dirishani. Akaniambia nibadilishe kitenge haraka, baba wa mtoto amekuja kujitambulisha. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, na tangu nimwambie nina mimba, mwanaume yule hakuwahi kukanyaga kwetu Kizota. Mama akakimbilia banda la kuku. Mimi nilifurahi, na furaha ile naichukia hadi leo.

Alimwamkia mama vizuri, akakaa kwenye mkeka uani, akatoa mfukoni mashine yake ya gemu na waya.

"Lile bonge lako bado unalo?"

Hakuwa akimuulizia mtoto.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia: nguo za mtumba, redio za Dubai, na vimashine vya gemu vya kushika mkononi, ambavyo yeye aliviuza kwenye kibanda chake. Alinipa kimoja nikiwa kidato cha nne, nikadhani ni mapenzi. Labda yalikuwepo. Lakini pia alikosa mtu wa kucheza naye, maana ule mchezo wa kupiganisha madubwana unataka mashine mbili zilizounganishwa kwa waya.

Yeye alichagua yenye mbio na moto. Mimi nilichagua walinzi. Watu hudhani mlinzi ni dubwana lolote lenye mwili mkubwa. Uongo. Kwanza unaangalia mapigo gani hayamwingii, halafu nani atasimama badala yake kwa yale yanayomwingia. Halafu unajiuliza: wakati anapigwa, atafanya nini? Kama hafanyi kitu, hujachagua mlinzi, umechagua gunia. Bonge, dubwana langu la kijivu, lilimtia adui sumu, kisha likalala na kupona huku adui anaisha taratibu. Nililikuza mimba nzima, nimejifungia nyumbani kwa aibu, sina kwingine kwa kupeleka mawazo.

Sasa alilitaka. Kulikuwa na mashindano Dar, vijana wa huko wanapiga kwa nguvu, hana wa kuwazuia. Aliyasema yote hayo mtoto yuko mapajani mwangu, na hakumtazama.

Nikamwambia tucheze, madubwana matatu kwa matatu. Akishinda, alichukue. Nikishinda, amsubiri baba yangu atoke kazini karakana, amwambie kwa mdomo wake kwamba mtoto ni wake.

Alicheka. "Haya. Ila usije ukalia."

Nikaingiza walinzi watupu. Alinipiga, akanipiga. Lakini kwenye mchezo ule kila pigo lina idadi yake; ukilitumia likaisha, limeisha. Skrini hazikuwa na taa, kwa hiyo jua lilipohama tulisogeza mkeka kulifuata. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka. Yeye akaacha kucheka. Likabaki dubwana lake la mwisho, sumu mwilini, mapigo ya maana yamekwisha. Zamu moja tu nishinde. Niliacha kuangalia skrini, nikamwangalia usoni, nikiwaza atamwambiaje baba, ataanzia wapi.

Akachomoa waya.

Mashine zote mbili zikaganda.

"Waya umelegea," alisema.

"Rudisha."

"Mchezo tu huu. Mbona unakuwa hivyo, mtu mzima una mtoto?"

Una mtoto. Mimi ndiye mwenye mtoto. Nilimtukana matusi ambayo sikujua nayajua, mpaka mama jikoni akaacha kutwanga. Yeye aliukunja waya wake polepole, akaondoka bila kumuaga mama.

Baba alipokuja alikuta kuku ameiva na hakuna mgeni. Akamuuliza mama, "Kasema nini?" Mama akajibu kwamba hajasema. Baba akanawa, akala, hakuniuliza mimi.

Wiki ile nilikaa nikisikiliza kila hatua ya miguu nje. Nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: angerudi, ningempa bonge bure, na mengine yote, ili mradi amshike mtoto hata mara moja. Aliyekuwa na uwezo wa kuvumilia ni dubwana. Mimi sikuwa nao.

Kliniki, nesi akijaza kadi ya mtoto, alipofika kwenye nafasi ya jina la baba, aliinua macho akanisubiri. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikampa jina la baba yangu mimi. Aliandika, akaniambia nimvue mtoto nguo, apimwe uzito.