Sketi Iliyokataa Kunyooka

Juzi pale sokoni Kibuye, mama mmoja alimrudishia fundi wa nguo sketi ya shule ya bintiye mara ya tatu.

"Fundi, pindo bado limeenda upande."

Fundi aliitandaza mezani, akaipima kwa tepu, ikawa sawa. Binti alipoivaa, upande wa kushoto ukapanda.

"Wewe, simama wima," mama akamkaripia.

"Nimesimama, Mama."

Fundi alimwomba mama amshike binti nyonga zote mbili. Mkono mmoja ukakaa juu kuliko mwenzake.

"Mama, sketi iko sawa. Nafikiri ni mgongo umepinda. Mpeleke hospitali mapema, bado anakua. Pindo nitalishona lifuate mwili."

Mama akamtengeneza bintiye kola taratibu. Binti akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

Mimi nilikuwa nimeleta suruali kulalamika kwamba mguu mmoja ni mrefu. Niliikunja, nikarudi nayo nyumbani.