Redio ya Supaglu

Bisha ukitaka, lakini Jumamosi, kwenye duka la vifaa vya stima pale barabara ya Luthuli, nilimwona jamaa msomi aliyevaa tai akirudisha redio ya kujiundia, ile unayouziwa ikiwa vipande ndani ya boksi.

“Hii kitu yenu imekufa,” akamwambia mama Mhindi wa kaunta.

Mkewe alikuwa amefunga mikono kifuani. “Na mamangu anafika leo. Ulimwahidi atasikiza ibada kwa redio ya mkwe wake.”

Mama wa kaunta akapindua bodi ya redio, akaikwaruza kwa ukucha. “Baba, hii nini?”

“Supaglu.”

“Yote?”

“Tyubu mbili, mama.”

Mimi, niliyeacha shule mapema na bado nawashinda maprofesa, nilijibanza nyuma ya spika kubwa.

“Gundi hapana pitisha stima! Nani ambia wewe?”

“Fundi wa mtaani kwetu.”

“Huyo fundi tia gundi mdomo.”

Akatoa mkobani dawa ya kufuta rangi ya kucha, akabandua kipande kwa kipande. Kisha akampa jamaa chuma cha kulehemu kilichopata moto, akamwongoza mkono kama mwalimu wa chekechea. Moshi ukafuka, tai ikaungua ncha. Mwishowe redio ikakohoa, ikaanza kutangaza vifo. Mke akacheka, akamfuta mumewe jasho.

Wasomi bwana! Wataamini yeyote anayeongea kwa sauti kubwa.

Sawa, kuna kitu nimeruka. Jamaa ni jirani yangu Waithaka, fundi wa mtaani ni mimi, na kwamba gundi haipitishi stima, nilijulia nyuma ya hiyo spika.