Punguzo la Krismasi na Zamu ya Baba Mkwe

Kila Krismasi inapokaribia, wanawake wenzangu wa hapa Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu isiyo na bahari, hununua mchele, mafuta ya kupikia na kitenge cha sare ya kwaya. Mimi hununua michezo ya kompyuta ya zamani. Sisemi kwa kujisifu. Ni tabia tu, kama wengine wanavyokula udongo wakiwa wajawazito, ila mimi hata nikijifungua hainitoki.

Niliipata chuoni Mbeya, kwenye intaneti kafe moja yenye kompyuta nzito za mgongo mkubwa. Wenzangu walilipia saa nzima kutafuta wachumba wa Ulaya. Mimi nilijenga ngome zangu na kuchoma za watu. Siku hizi nina duka la steshenari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najazia watu maombi ya kazi, na mtu akinikuta nimeikodolea macho skrini anadhani niko kazini.

Duka linalouza michezo hiyo liko mtandaoni, na kila mwisho wa mwaka hushusha bei mpaka inatia aibu. Ukishazoea mitumba ya sokoni Tukuyu hupati shida humo: unafukua, unafukua, na chini kabisa ya rundo unakuta kitu kizuri kuliko kile kilichotundikwa juu. Tofauti ni kwamba mitumbani muuzaji anakupigia kelele, na kule wamekuwekea saa inayohesabu kurudi nyuma hadi punguzo liishe. Kwa mtu kama mimi saa hiyo ni mbaya kuliko kelele. Michezo niliyonunua mwaka juzi sijaifungua hadi leo. Niliinunua kwa sababu saa ilikuwa inakimbia.

Safari hii nilichagua mchana wa Jumapili, mvua inanyesha, mume wangu kajinyoosha kwenye kochi. Yeye anaendesha lori la majani mabichi ya chai, anayatoa vituo vya kupimia na kuyapeleka kiwandani, na msimu wa mvua majani hayampi nafasi hata ya kukuna kichwa. Nikawa namsomea maelezo ya kila mchezo kwenye kompyuta yetu ya sebuleni, natafsiri kwa sauti kubwa ili asisinzie. Huu wa mpira. Huu wa ndege. Huu wa falme mbili, watu wawili wanacheza kwa zamu kwenye kompyuta moja, kila mmoja na mlima wake, ng'ombe wake na askari wake. Na huu wa shamba: unapewa jembe na kipande cha ardhi kilichojaa magugu, unalima, mvua inanyesha, unavuna, unaanza tena. Wanaoucheza wanasema hauishi.

"Wanasema ya kale hayanuki," akasema mume wangu, "lakini hilo la jembe linanuka. Mimi nimekimbia jembe kijijini Masukulu, wewe unataka kulilipia."

Nikautoa mchezo wa shamba kwenye kikapu, nikabakiza wa falme mbili. Nyuma ya ukuta wetu mwembamba, baba mkwe akakohoa.

Kikohozi hicho lazima nikieleze. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wazee wanaita ukutila, na si chuki, ni heshima: hamtazamani usoni, hamsemezani, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mkamwana ndiye anayepisha. Vijana wengi wameachana nayo, wanapiga hadi picha na wakwe zao na kuziweka kwenye simu. Baba mkwe wangu hakuachana nayo, na mimi nimelelewa Suma na bibi ambaye angefufuka aje kunichapa. Shida ni kwamba mila hii ilitungwa na watu wenye viwanja vipana na migomba ya kujifichia. Sisi tuna vyumba vitatu na sebule.

Mama mkwe alipofariki, na presha ya mzee ikaanza kupanda, mume wangu alimtoa Masukulu akamleta kwetu. Tukawa na utaratibu ambao hakuna aliyeutangaza. Akitaka kuingia sebuleni anakohoa, mimi natokea mlango wa jikoni. Chakula nakiweka mezani, nabisha mlango wake, naondoka. Likiwepo neno la lazima, anamwambia paka. Paka, chumvi imepungua. Nami kutoka jikoni namjibu paka huyohuyo kwamba chumvi kaikataza daktari. Paka hajawahi kumfikishia mtu ujumbe wowote, lakini alinenepa kwa cheo hicho.

Nilimhudumia mzee wangu. Nilimpikia mbalaga, ndizi zetu za kupika na nyama, nikamfulia, nikamtandikia, sikumwacha ashike kitu. Nikisikia amegusa ufagio, nilimtuma paka kumkataza. Nilijiona mkamwana bora wilaya nzima ya Rungwe. Ndipo siku moja akamwambia mwanawe kwamba mwaka mpya ukishaingia arudishwe Masukulu. Mume wangu akamkumbusha kuwa kule hakuna mtu, nyumba imefungwa, na dawa za presha huwa anazisahau hata tukiwa naye hapahapa. Mzee akasema ameshasema.

Nitasema kweli, mwanzoni nilifurahi. Nilijiona nimekaa sebuleni kwangu, miguu juu ya meza, sisikilizii kikohozi cha mtu. Furaha ile ilidumu hadi jioni, nilipomsikia anajikwaa kwenye kizingiti na kuanguka. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika mwiko, siruhusiwi kwenda. Mwanawe ndiye aliyetoka kuoga mbio akamwinua. Je, akianguka hivyo Masukulu? Nikaingiwa na hofu, na haikunitoka tena.

Basi ule mchezo wa falme mbili nikaupa kazi. Mume wangu acheze na baba yake jioni, mzee achangamke, Masukulu imtoke kichwani. Ulikuwa mpango mzuri wa mtu aliyesahau ameolewa na dereva. Jioni ya kwanza mume wangu alimfundisha mzee kulima, kufuga na kupeleka askari, akampa rangi ya bluu, yeye akachukua nyekundu. Jioni iliyofuata alikoroma kabla ng'ombe wake hawajafika malishoni. Skrini ikabaki kwenye zamu ya nyekundu, na mzee, ambaye hagusi kisicho chake, akakaa kuingojea.

Kesho yake narudi kutoka dukani namsikia anamlalamikia paka kwamba adui hatokezi. Kisha akakohoa, akaingia chumbani kwake. Nikaingia sebuleni. Nyekundu ilikuwa bado inametameta palepale. Nikautazama mlango wake uliofungwa, nikaitazama skrini. Nikakaa, nikalima, nikanunua mbuzi, nikabonyeza kumaliza zamu, nikarudi jikoni kumenya ndizi. Haukupita muda nikasikia mlango wake unafunguka na kiti kinavutwa.

Ndivyo tulivyoanza. Akikohoa naondoka, akimaliza anajifungia, nami naingia. Mila haikuguswa hata ukucha. Hata hivyo nilimpigia simu mama yangu mzazi kule Suma kumuuliza kama ni mwiko mkamwana kupigana na baba mkwe kwenye kompyuta. Akauliza kama tunatazamana. Nikasema hapana. Akasema basi haoni kosa, ila nisije nikampiga.

Hilo la nisimpige ndilo lililoniponza. Ningeweza kuumaliza ufalme wa mzee kabla maharage hayajachemka. Lakini unaanzaje kuchoma zizi la baba mkwe? Askari wangu walikuwa wanafika mtoni wanarudi. Ng'ombe wake wakipotelea upande wangu, niliwaacha wale washibe waende zao. Niliacha ukuta bila mlinzi ili aingie. Akashinda, akashinda tena, na mume wangu akawa anawatangazia watu kiwandani kwamba mzee amezaliwa upya. Mimi nilikuwa nasikiliza kiti. Kilikuwa kinavutwa kwa uvivu, na zamu za mzee zilizidi kuwa fupi.

Sikukuu ikapita. Saa ya lile duka la mtandaoni ilikuwa ukingoni, na siku ya safari ya Masukulu nayo hivyohivyo. Asubuhi moja naosha vyombo, mzee akaja kusimama upande wa pili wa mlango wa jikoni. Paka alikuwa chini ya meza anangoja dagaa.

"Paka," mzee akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa nina miezi, hata kisu cha kumenyea ndizi sijapewa. Sasa na vita naachiwa. Mtu akishaachiwa vita, huyo wameshamzika, wanangoja tu afe."

Akaondoka zake taratibu na fimbo yake.

Nilibaki nimeshika sufuria, maji yananichuruzikia miguuni. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi katika nyumba ile. Chakula kile, ufagio ule niliomnyang'anya, wale ng'ombe niliowaachia, vyote nilikuwa nimeviweka kwenye heshima, naye alikuwa ameviweka kwenye dharau. Na nilikasirika pia, maana mimi nimejinyima ushindi wiki nzima, na mshindi ndiye analalamika. Nikamtupia paka dagaa wake.

Siku moja kabla ya safari nilifunga duka mchana. Tulikuwa tumeanza mchezo mpya, na ilikuwa zamu yangu. Nikakaa, nikapigana kama nilivyokuwa napigana Mbeya. Nilimchukulia ng'ombe wa mtoni, nikamfungia njia ya mlimani, nikamaliza zamu, nikaenda jikoni. Kiti kikavutwa haraka. Safari hii alikaa muda mrefu. Alipojifungia nikaingia, nikakuta ameziba pale nilipopitia na ametuma askari nyuma yangu kuchoma ghala langu la mahindi. Kumbe mzee alikuwa anajua kupigana, hakuwa na wa kupigana naye. Tukapishana hivyo alasiri yote, yeye kikohozi, mimi mlango, na maharage yakaungua jikoni bila mtu kujali. Kabla giza halijaingia nilivunja ukuta wake, nikachoma zizi, nikachoma ngome. Skrini ikatangaza kwamba bluu ameshindwa.

Nikakimbilia jikoni. Nikasikia mlango, nikasikia kiti. Nikaanza kukwangua maharage yaliyoungua.

Mume wangu aliporudi nilimwambia nimemchoma baba yake. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Asubuhi aliazima gari la rafiki yake, akaligeuza likatazama barabarani. Begi la mzee lilikuwa limeshafungwa, liko katikati ya sebule. Nilikuwa nimemfungia mbalaga ya njiani kwenye hotipoti, nimesimama jikoni nalia, na sioni haya kulisema hilo. Nilimpenda yule mzee. Sikuwahi kuuona uso wake vizuri, lakini nilikuwa namjua kwa kikohozi, kwa kiti, na sasa kwa namna anavyoziba pale ninapopitia.

Nikasikia fimbo inakuja. Hakukohoa. Akasimama ng'ambo ya mlango akanipa mgongo, nikaona bega la koti tu.

"Ule wa jembe," akasema. "Ule uliosoma kuwa hauishi. Punguzo lake bado lipo?"

Nikageukia ukuta, kama inavyotakiwa, nikajibu kwamba linaisha leo.

"Basi ununue. Na kisu cha ndizi kikae mezani, mikono yangu haijakatika. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Jana umenichoma vizuri."

Nje mume wangu akapiga honi. Mzee akagonga kioo cha dirisha la sebuleni kwa fimbo na kumwonyesha ishara azime gari. Mimi, kwa mazoea, nikamtafuta kwa macho yule aliyekuwa anatumwa, ambaye safari hii hatukumtuma. Paka alikuwa uani, juu ya rundo la matofali, anajilamba mguu kwenye kijua kidogo cha baada ya mvua. Mimi nilikuwa namwona kwa dirisha la jikoni, na baba mkwe, aliyekuwa amesimama kwenye dirisha la sebuleni, alikuwa anamwona pia.