Feni Huzimwa kwa Ajili ya Mgonjwa

Daktari wa mifugo akipasua mnyama, feni huzimwa na madirisha hufungwa, binadamu watajijua. Chupa za maji ya moto huzivika soksi zake mwenyewe zisimwunguze mgonjwa, kisha humgusagusa masikio akimwita "mwanangu", neno ambalo mtu hajawahi kulipata kwake. Siku ile mbwa wa mkurugenzi alishashonwa lakini haamki, na joto lilizidi kumshuka. Daktari akamgeukia mwenye mbwa, aliyelowa jasho ndani ya suti.

"Bosi, vua koti."

"Hili? Nina mkutano!"

"Na mimi nina maiti mtarajiwa. Vua!"

Mbwa akafunikwa. Baada ya kitambo akatetemeka, akafumbua macho, akalikojolea koti lote.

"Hongera, bosi," daktari akasema kwa upole wa ajabu. "Figo nzima kabisa."