Sashe ya Maharagi Mbele ya Mama Mkwe

Mi sikusoma sana. Nilifika darasa la tano, na la tano lenyewe nilikaa karibu na mlango. Lakini leo hapa Kolwezi, ukisikia kuna mtu anapika chakula, anakifunga kwenye sashe, yaani pakiti ndogo, kinakaa mwaka mzima bila friji na bado ni kitamu, mtu huyo ni mi. Uliza Musonoi, uliza Fungurume, uliza hata wale wanaolinda bwawa la Nzilo. Watakuonyesha njia ya kiwanda changu bila kufikiri.

Kazi hii ilizaliwa shimoni. Nilipokuwa mchimbaji tulishuka asubuhi na chakula cha jana ndani ya mfuko, na saa sita kimekwisha kuchacha. Wenzangu walikuwa wanatupa na kulalamika. Mi nilikuwa natupa na kufikiri. Nilimaliza kufikiri baada ya miaka mingi, siku fundi mmoja wa kuchomelea aliponitengenezea pipa la chuma lenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu, sawa na sufuria ya presha, ila mtu mzima anaweza kusimama ndani yake. Tunapika maharagi na ndakala, vile vidagaa vikavu, na nyanya, na mafuta ya mawese. Tunajaza sashe nene, tunaziziba kwa mashine, kisha tunazichemsha hizo sashe zenyewe ndani ya pipa mpaka kila kidudu kife. Pipa la kwanza lilirusha kifuniko chake juu ya paa la jirani. La pili ndilo hili ninalotumia. Watu wa chuo kikuu wamekuja kulitazama wakaniuliza nilijifunza wapi. Niliwajibu: kwa njaa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kunisifu, mama wa mke wangu. Wakati wa kuposa alinitumia neno kwa mdomo wa shangazi: "Mutu ya kula mu shimo, atalisha mutoto yangu nini?"

Kwetu mkwe na mama mkwe wana haya. Hawali pamoja, hawaonani wakitafuna, hawasemezani uso kwa uso. Nikimwona barabarani napita kwenye majani. Akiniona yeye kwanza, anapita yeye kwenye majani. Haya hiyo inaisha kwa njia moja. Mama mkwe anapika kuku, anampeleka kwa mkwe wake, mkwe anakula, halafu anarudisha kikwembe kizuri, yaani kitenge cha kujifunga. Toka siku hiyo wanaweza kukaa meza moja. Wenzangu tuliooa mwaka mmoja, kuku wao alifika kabla ya mtoto wa kwanza. Mi nilingoja miaka kumi na sita. Nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, kuku hakuja. Nilinunua lori, kuku hakuja. Sikumwambia mtu, lakini kila Jumapili mke wangu akirudi kutoka kwao, jicho langu lilianzia kwenye mikono yake.

Basi, mwaka mmoja mvua ikabomoa nyumba za udongo za upande wa bondeni, na familia nyingi zikalala kwenye ukumbi wa paroasi, parokia yetu. Kuni zimelowa, makaa yamelowa, hakuna mahali pa kusongea bukari, ule ugali wetu. Shirika moja la msaada likawa linatafuta chakula kisichodai jiko. Aliyetumwa kuchagua alikuwa dada mmoja kutoka Kinshasa, mwenye fomu nyingi na macho makali. Aliniambia wazi kwamba ana woga, maana ameshaona vyakula vya sashe vilivyofura kama chura.

Hapo ndipo mi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilimwambia: "Mama, mi siko sawa bale bengine. Utachagua sashe kwa mukono yako, na mi mwenyewe nitakula wa kwanza, mbele ya batu bote. Wa pili atakula prezidenti wa kamati ya bamama. Kiisha batu bengine."

Alipenda sana. Aliandika kwenye fomu, tukatia sahihi.

Prezidenti niliyemjua mi alikuwa mama mnene, mchangamfu, rafiki wa kila mtu. Sikujua kwamba amesafiri Fungurume kwa binti yake aliyejifungua, na kwamba kamati imeweka mwingine mahali pake. Nikaingia ukumbini na suti yangu ya bluu, wanawake sita wa kiwanda changu wakinifuata na makatoni kichwani. Mbele kabisa, kwenye kiti cha prezidenti, kijiko mkononi, alikuwa ameketi mama mkwe wangu.

Alivuta kikwembe mpaka usoni akageuza kiti kuelekea ukuta.

Yule dada hakuona kitu. Aliingiza mkono chini kabisa ya katoni, akatoa sashe, akaikata kwa mkasi. Harufu ikatoka. Sitasema uongo: watoto waliokuwa wamelala kwenye mikeka waliamka.

"Tata, karibu," akasema, akiniita baba kwa heshima. "Kula."

Nikatazama kijiko. Nikila, nimemvunjia mama mkwe heshima mbele ya paroasi nzima, na kuku wangu hatakuja mpaka tuzikwe. Nisipokula, familia zile zinarudia biskuti kavu zilizokuwa zikigawiwa, wanawake wangu sita wanarudi nyumbani bila kazi, na mkoa wote wa Lualaba utasema nimeogopa maharagi yangu mwenyewe.

"Iko moto sana?" yule dada akauliza.

"Hapana, mama. Haiko moto."

"Basi?"

Mzee mmoja akasema toka nyuma, "Mupishi anaogopa chungu yake."

"Muache tata wa batu," mama mmoja akamjibu. "Hauone nani iko pale mbele? Ule ni mama mukwe yake."

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Watu ambao paa zao zilikuwa zimelala matopeni walicheka mpaka wakashikana mabega. Dada wa Kinshasa peke yake hakucheka.

"Huyu mama mukwe iko na ugonjwa gani?"

"Hapana ugonjwa. Ni haya."

"Kwa fomu yangu hakuna nafasi ya haya," akasema. "Wa kwanza ni tata, wa pili ni prezidenti. Kama bote babiri habakule, mi narudisha makatoni."

Kicheko kikakatika. Wanawake wangu sita wakaanza kunitazama. Jasho likanishuka ndani ya suti, mi niliyeshuka mashimo marefu bila kutetemeka.

Ndipo sauti ikatoka ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya mama mkwe kwa karibu.

"Ambieni ule dada, hapa hakuna mutu anakatala chakula. Muko na bikwembe ya nini? Muinue moja hapa katikati."

Kina mama wawili walikimbia, wakafungua kikwembe cha njano chenye maua makubwa, wakakishika juu kama pazia, yeye upande ule, mi upande huu. Nikamimina nusu ya sashe kwenye sahani, mama mmoja akaizungusha hadi upande ule. Nusu yangu nikaila nimesimama, mbele ya wote, mpaka tone la mwisho. Niliila vizuri. Hata kula nilikuwa nimejifunza mwenyewe.

Halafu tukangoja. Nyuma ya kikwembe kijiko kiligusa sahani, kikanyamaza, kikagusa tena.

"Mama, fanya mbio," mmoja wa washika kikwembe akasema. "Mikono inakufa."

"Munyamaze, ninaonja."

Kijiko kikakwangua sahani. Mi ni mtu wa viwanda, naijua sauti ya chombo kinachokwanguliwa hadi chini.

"Ambieni mutu ya upande ule," akasema, "chumvi iko kidogo."

"Ambieni mama nimesikia," nikajibu.

"Mumuambie tena. Alete ingine."

Kelele za vigelegele siku ile nadhani zilifika shimoni. Makatoni yakafunguliwa, familia zikala, mzee yule wa nyuma akala mbili na kuomba ya tatu. Dada wa Kinshasa aliniuliza kwa upole kama katika kila paroasi itabidi kuleta kikwembe. Nikamwambia inategemea prezidenti ni mama wa nani.

Jumapili iliyofuata mke wangu akarudi kutoka kwao. Jicho langu likaanzia kwenye mikono yake. Alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, naye anajizuia kucheka.

"Mama anasema hii haikae mwaka," akaniambia. "Unapashwa kula leo."

Nilikula kuku yule peke yangu, polepole, mlango wazi ili majirani waone. Chumvi ilikuwa imetosha. Nilimtafutia mama kikwembe cha njano chenye maua makubwa, kipya, vipande sita.

Sasa anakuja kiwandani kila tunapopika. Anafunua sufuria, anaonja maharagi mbele yangu, anatafuna bila kugeuka, na mi nangoja aseme.

"Ongeza," anasema.

Naongeza.